Gari za tabo Arusha na Moshi: kwa nini zinachemsha mlimani wakati hewa yetu ni ya baridi

Nondo_Sakina

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Jua la Januari na Februari likishakolea huku Kaskazini, gereji zinajaa gari za tabo (turbo) zilizofunguliwa boneti. Forester XT, Prado za injini ya 1KZ, Hilux za injini ya 1KD, siku hizi hadi Range Rover Sport za supachaja. Maneno ya mwenye gari hayabadiliki: mjini iko safi, nikianza kupanda mlima geji inapanda. Tiba anayopewa nayo haibadiliki: toa themostati (ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta), jaza maji ya bomba, feni iungwe moja kwa moja. Akirudi tena anarudi na silinda hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka, na hapo bei imeshakuwa nyingine kabisa. Mimi ni fundi wa injini hapa Arusha na jambo hili linaniuma, kwa sababu nyingi ya injini hizi hazikustahili kufa.

Tuanze na mwinuko, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni mita 800 na kitu, lakini ukishika njia ya Marangu hadi langoni umekaribia 1,900, na ukingo wa Ngorongoro uko kwenye 2,300 hivi. Mtu akitoka Dar anafika hapa anashusha kioo anasema hewa safi, baridi, gari itafurahi. Gari ya tabo haifurahi hata kidogo.

Kazi ya tabo ni kukandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa inapata moto. Ukijaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, ushike chini ya pampu, utaelewa. Sasa tupige hesabu. Siku ya nyuzi 30, injini inataka presha ya jumla ya baa 1.5 (baa ni kipimo cha presha) kwenye manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Dar hewa yenyewe ina kama baa 1, kwa hiyo tabo inaikandamiza mara 1.5. Arusha hewa ina kama baa 0.86. Ili kufika pale pale, tabo inabidi iikandamize mara 1.74, na ili ifanye hivyo lazima izunguke kwa kasi zaidi. Kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Dar inatoka ikiwa imeongezeka nyuzi 53 hivi. Ya Arusha inaongezeka nyuzi 74. Mguu ule ule kwenye mafuta, mzigo ule ule, lakini intakula yetu (kile kipoza hewa kati ya tabo na injini) inapokea hewa iliyozidi ile ya pwani kwa nyuzi kama 20.

(Gari za zamani ambazo presha inaamuliwa na springi ya tabo peke yake hazilipizi mwinuko hivyo. Zenyewe zinapoteza nguvu, na dereva analipiza kwa kukanyaga zaidi. Joto linarudi kwa mlango mwingine.)

Halafu maji. Kwenye sufuria ya wazi hapa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yanakula mkaa. Injini yako inafanya kazi kati ya 85 na 98. Kinachozuia maji yasichemke ndani yake ni presha, na presha inashikwa na kile kifuniko cha rejeta ambacho watu wengi hawajawahi kukibadilisha tangu wanunue gari. Gari nyingi za Kijapani kifuniko kimeandikwa 0.9 au 1.1. Kikiwa kizima cha 1.1, hata maji matupu hapa yatafika karibu nyuzi 119 kabla ya kuchemka. Raba yake ikikauka au springi ikichoka, umerudi kwenye 95 za sufuria, na injini yenyewe ilikuwa inatembea humo humo kila siku. Mtu anashusha injini wakati tatizo lilikuwa kifuniko.

Na la mwisho kwenye mwinuko: hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Hewa nyepesi ikipita kwenye rejeta inabeba joto kidogo. Kwa hiyo tabo inatoa moto zaidi, maji yanachemka mapema, na hewa inayotakiwa kuondoa moto imepungua. Vitatu kwa wakati mmoja. Gari iliyovumilia foleni ya Dar inaweza kukuaibisha ukipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu asubuhi na mapema ukiwa umevaa sweta.

Sasa ikija kwangu gari ya namna hii siangalii injini kwanza. Naangalia njia ya hewa. Unazima gari, unaacha ipoe, unawasha tochi ya simu na kuimulika rejeta kutoka upande wa injini. Mwenzako asimame mbele achungulie kwenye grili. Asipouona mwanga wa tochi, tatizo mmeshalipata. Prado iliyotoka porini ukilegeza kondensa ya AC (ile kama rejeta ya pili iliyo mbele), kati yake na rejeta unakuta blanketi kamili: mbegu za nyasi zenye miiba, vipepeo, tope la mbuga lililokauka likawa kama kigae. Kwa mbele rejeta inaonekana safi kabisa. Gari imeoshwa kila wiki na hakuna aliyewahi kuosha pale katikati.

Na ukiosha, maji yatoke upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inalaza zile finzi za rejeta, vile vibati vyembamba, na finzi iliyolala haipitishi hewa. Halafu tazama mbele ya gari: ngao, spotilaiti kubwa mbili, namba, stika ya kampuni kwenye grili. Kila kimoja kinakula hewa. Kava la feni likiwa limevunjika au limetolewa, feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Kava la plastiki la chini ya injini nalo lilikuwa na kazi yake, halikuwekwa kwa urembo.

Karibuni tuchangie. Mwenye gari yake aeleze inavyofanya, tusaidiane.

---

Forester_Njiro

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Mimi nina Forester SG5 ya tabo, ile yenye pua kwenye boneti. Maji hayachemki, geji iko katikati siku zote, lakini mchana wa jua nikitoka Njiro kupanda kuelekea Ngaramtoni gari inakuwa nzito kama imebeba mawe. Usiku inaruka vizuri. Rafiki ananishauri nihamishe intakula niiweke mbele kwenye bampa. Unasemaje?

---

Nondo_Sakina

Mkuu, hiyo ni joto la hewa, siyo la maji, na wenye gari za tabo wengi hawalihesabu kabisa kwa sababu hakuna geji inayowaonyesha. Hewa ya moto ikiingia kwenye silinda, petroli inaanza kugonga, yaani inalipuka ovyo. Kompyuta inasikia kugonga huko, inachelewesha cheche. Cheche ikichelewa nguvu inashuka na moto unatoka kwenye ekzosi ukiwa mkali zaidi. Ekzosi ndiyo inayozungusha tabo, kwa hiyo tabo nayo inazidi kuungua. Wewe unaona gari nzito, unakanyaga, mzunguko unaanza upya.

Intakula ya Forester imelala juu ya injini. Gari ikitembea, pua ya boneti inailetea hewa. Gari ikisimama, joto lote la injini linapanda na kuikaa. Ukitoka kwenye foleni pale mataa, dakika za mwanzo intakula yenyewe inaipasha hewa badala ya kuipoza. Hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa na ikishaanza kutembea inapoa.

Kabla ya kuhamisha chochote, fungua boneti ugeuze uangalie chini ya ile pua. Kuna mfereji wa plastiki na raba au sponji inayozunguka intakula, ili hewa ya puani ipite KATIKATI ya intakula na siyo pembeni. Gari zilizotumika miaka mingi, raba hiyo imeliwa au fundi aliitupa alipokuwa anabadilisha plagi. Bila hiyo hewa nyingi inapita juu tu, haiingii. Ukikuta imeisha, sponji ngumu inayovumilia joto inatosha kabisa.

Pia toa zile paipu za intakula uangalie ndani. Kukiwa na oili imelala humo, isafishe, oili ikipaka kuta za ndani joto halitoki. Na kagua viungo vya paipu. Kiungo kikivuja, tabo inalazimika kuzunguka zaidi kufidia hewa inayopotea njiani.

Kuihamisha mbele kunapoza vizuri zaidi kwenye mwendo, sikatai. Lakini paipu zinakuwa ndefu, tabo inachelewa kuitika, na intakula inakaa mbele ya rejeta inaiziba. Unaweza kuponya hewa ukaumiza maji. Kwa gari ya kwenda kazini na mlimani mara moja moja, raba kwanza.

Kitu kingine, umeweka ile filta ya hewa ya wazi, ya umbo la koni? Kama iko wazi chini ya boneti, inavuta hewa ya moto ya injini. Rudisha boksi lake la kiwandani, lile linavuta hewa kutoka nje.

---

ChaliiNgarenaro

Oya mkuu heshima yako, lakini kwenye themostati nakupinga. Huku mtaani tunazitoa na gari zinapoa freshi tu. Nchi yetu haina barafu, themostati ni ya wazungu wa baridi. Maji yakizunguka bila kizuizi si ndiyo yanapoa zaidi?

---

Nondo_Sakina

Chalii yangu, swali zuri, na ndilo linalouza silinda hedi nyingi mjini hapa.

Chukua themostati ya injini ya dizeli ya Toyota uishike mkononi uitazame. Ina vali mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ya chini, ile sahani ndogo, inashuka wakati huo huo na KUZIBA njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini tu na haionji rejeta. Kwenye tambarare huoni kitu. Ukianza kupanda na mzigo, yale maji yasiyopoa ndiyo yanayokumaliza.

Asubuhi nako injini inachukua muda mrefu kufika joto lake. Oili inabaki nzito, mafuta yanaungua vibaya, na kompyuta za gari za petroli zinaongeza mafuta zikidhani injini bado ni ya baridi. Arusha ya Juni na Julai, na ule ubaridi wa asubuhi, hilo unaliona kwenye matumizi ya mafuta.

Themostati ikikwama ibadilishe. Na kabla hujaifunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha, uone inafunguka. Ni kazi ya dakika chache na inakuepusha kufungua tena.

---

MamaKibosho

Wanangu nawasalimu. Nina Prado ya 1KZ ya zamani, napandisha mbolea na kushusha ndizi, Kibosho na Moshi mjini, karibu kila siku. Nimeambiwa hizi injini hedi yake inapasuka. Bado ni nzima na sitaki ifike huko. Mimi natumia maji ya mfereji wetu, yanatoka mlimani, safi kabisa tunakunywa. Yana shida gani?

---

Nondo_Sakina

Shikamoo mama. Hongera kwa kuitunza.

Ni kweli 1KZ ina hedi ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa. Neno la kushika hapo ni "ikichemshwa". Isipochemka inaenda miaka mingi.

Maji safi ya kunywa bado yana madini, mama. Yakipashwa joto madini yanaganda kwenye kuta za ndani za rejeta na injini. Hapa Arusha nako maji yana madini yake, mtu yeyote aliyekulia Usa River au Maji ya Chai anajua maji ya kwetu yanavyofanya meno. Isitoshe maji matupu yanatengeneza kutu kwenye chuma na kula aluminiamu. Kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, haikutengenezwa kwa ajili ya barafu pekee. Inazuia kutu, inalinda pampu ya maji, na inainua kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Maji yenyewe yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, kwa hiyo usiweke kulanti tupu ukidhani ndiyo bora. Nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, au ununue ile iliyochanganywa tayari. Kwenye duka la vipuri ukiomba maji ya betri hakikisha unapewa yale baridi, siyo yale makali ya asidi.

Usiangalie rangi, soma kwenye galoni imeandikwa ni ya injini gani. Na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinageuka uji na kuziba rejeta.

Wakati wa kujaza, gari iegeshwe pua ikiwa juu kidogo, hita ya ndani ifunguliwe kwenye moto, ujaze taratibu huku injini inanguruma hadi mapovu yaishe. Hewa ikibaki kwenye hedi ya 1KZ, pale penye hewa panaungua hata kama rejeta imejaa.

Feni ya 1KZ inaendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye oili ya silikoni ndani. Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono, iende kwa ulegevu kidogo. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, iwe nzito. Ikizunguka yenyewe mara nyingi ikiwa ya moto, klachi imekufa na feni yako inazunguka bila nguvu. Kwako unayepanda mlima na mzigo kwa mwendo mdogo, hicho ni kiungo muhimu kuliko vyote, maana mwendo wa gari wenyewe haukuletei hewa.

Jambo la mwisho mama, usiiamini geji ya dashibodi. Imetengenezwa ikae katikati kwa muda mrefu ili isimtishe dereva, na ikianza kusogea mambo yameshaenda mbali. Maji yakivuja yote, haina cha kupima kabisa, inaweza hata kushuka. Mtafute fundi wa umeme akufungie kengele inayopima joto la chuma cha hedi yenyewe, na nyingine ya kushuka kwa maji. Gharama yake ukilinganisha na hedi ni ndogo sana.

---

DerevaPori

Uzi mzuri mno. Mimi naendesha watalii njia ya Karatu na Ngorongoro. Naongeza upande wa usukani, kwa sababu hata gari isiyo na ubovu inachemshwa na dereva.

Ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, kosa kubwa ni kungʼangʼania gia kubwa. Injini inazunguka taratibu, umekanyaga hadi chini, tabo inasukuma kwa nguvu zote, na pampu ya maji na feni vinazunguka polepole kwa sababu vinafuata injini. Moto mwingi, maji kidogo. Shusha gia, injini iende juu kidogo, mguu upunguze. Gari za otomatiki zitoe kwenye D, weka 3 au 2 mwenyewe. Ukisikia inabadilisha gia kila mara ina maana gia boksi nayo inachemka, na oili ya gia boksi kwenye gari nyingi inapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo.

Ukiwa nyuma ya lori la mizigo linalopanda kwa mwendo wa kutembea, usilibane. Unavuta hewa ya moto ya lori. Acha nafasi.

Geji ikianza kusogea: zima AC. Ikiendelea, fungua vioo, washa hita moto mwisho na feni mwisho. Wageni watalalamika, waeleze. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Isipotosha, simama mahali penye upepo, elekeza pua kwenye upepo, acha injini iungurume kama maji bado yapo na feni inazunguka. Lakini ukiona mvuke unatoka au geji imefika kwenye nyekundu, zima papo hapo. Na kifuniko kisifunguliwe. Maji ya nyuzi 110 yakipata upenyo yanachemka ghafla na kuruka nje pamoja na mvuke, nimeona mtu alivyoungua uso na kifua. Ukae kivulini hata saa nzima. Na hata baada ya kusubiri, kama injini bado ni ya moto usimwage maji ya baridi ndani, hedi inapindika.

---

Nondo_Sakina

Mkuu umemaliza. Niongezee kipimo kimoja ambacho kitawaokoa wengi kununua vitu bila mpango.

Gari ikichemka ikiwa imesimama au kwenye foleni lakini ikienda barabarani inapoa, shida ni feni: klachi, mota, fyuzi, relei. Ikipoa kwenye foleni ila inachemka ukiwa unakwenda kwa kasi ya 80 kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Boma Ngʼombe, feni haina hatia, maana kwenye mwendo huo hewa inaingia yenyewe. Hapo angalia rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji, paipu ya chini inayojikunja ikivutwa, au kifuniko. Kuunga feni moja kwa moja kwenye gari ya aina hii ya pili ni kuua mota ya feni bila faida.

Na ikichemka kote kote huku maji yanapungua bila kuvuja, omba fundi afanye kile kipimo cha dawa ya bluu. Wanakiweka kwenye mdomo wa rejeta, injini inawaka, na kama moshi wa silinda unaingia kwenye maji ile bluu inageuka njano kwa petroli, kijani kwa dizeli. Usikubali hedi ifunguliwe kabla ya hapo.

---

Supachaja_Shanty

Habari wakuu, niko Moshi, Shanty Town. Nina Range Rover Sport ya supachaja, V8 ya 5.0. Haina tabo, kwa hiyo haya yananihusu? Asubuhi ina nguvu, mchana ikishakolea nguvu zinapungua. Taa ya dashibodi haijawaka.

---

Nondo_Sakina

Yanakuhusu mkuu, na kwako kuna mfumo mmoja zaidi.

Supachaja inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo haipokei moto wa ekzosi kama tabo. Lakini inakandamiza hewa vile vile na inaipasha vile vile. Kwenye injini yako hewa haipozwi na upepo, inapozwa na maji. Kuna intakula za maji pale juu, karibu na supachaja yenyewe, na maji yake yana rejeta yao ndogo mbele na pampu yao ya umeme. Pampu hiyo inaweza kufa kimya kimya. Injini yenyewe haichemki, geji iko katikati, ila hewa inaingia ya moto na kompyuta inapunguza nguvu. Maelezo yako yanafanana na hilo kabisa.

Anza hivi: injini ikiwa inaunguruma, shika pampu hiyo usikie mtetemo, au fundi aiamrishe kwa mashine ya kusomea gari. Asome joto la hewa ya manifodi ukiwa barabarani. Likizidi joto la nje kwa mbali sana na halishuki hata ukitembea tambarare bila kukanyaga, pampu au hewa iliyonaswa kwenye mfumo. Ile rejeta ndogo nayo imulikwe tochi, inajaa uchafu kwanza kwa sababu iko mbele kabisa.

Na wakati unafungua, zile paipu za plastiki za maji za injini hizo zinakauka kwa joto na kupasuka, zikaguliwe. Zikiwa zimebadilika rangi na zinatoa unga mweupe kwenye maungio, usisafiri nazo kwenda Dar. Pale Mwanga na Same mchana ni tanuri.

---

MzeeHimo

Vijana, mmezungumza maji na hewa, oili mmeiacha. Mimi nimeendesha malori ya tabo tangu yalipoanza kuingia. Tulikuwa tukifika kituoni tunaacha injini inaunguruma kwanza, ndipo tunazima. Vijana wa siku hizi wanafika na moto wote, wanazima, wanashuka. Tabo zao hazidumu.

---

Nondo_Sakina

Shikamoo mzee, asante sana kwa kutukumbusha. Ni kweli kabisa.

Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea kwenye oili tu. Upande mmoja wa shafti kuna moto wa ekzosi, kwenye petroli unaweza kupita nyuzi 900. Ukizima ghafla baada ya kupanda mlima, oili inasimama pale pale kwenye chuma chenye moto huo, inaungua, inakuwa masizi magumu. Masizi yanaziba njia ya oili, na safari nyingine shafti inakauka. Tabo nyingi za sasa zina njia ya maji pia na zinavumilia zaidi, lakini dakika moja au mbili za kuunguruma baada ya kazi nzito bado zina faida. Au kilomita ya mwisho kabla ya kufika nyumbani uiendee taratibu, ni sawa na hilo.

Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa injini za tabo, ibadilishwe mapema kuliko gari isiyo na tabo, hasa kwa mnaokula vumbi la porini. Kiwango kikipungua hata lita moja, oili iliyobaki inabeba joto la ile iliyokosekana.

---

Forester_Njiro

Mkuu nimerudi na majibu. Nimegeuza boneti, ile raba imebaki upande mmoja tu, upande wa pili hakuna kitu, na ndani ya paipu kulikuwa na oili kidogo. Nimeweka sponji, nimesafisha paipu. Leo mchana nimepanda Ngaramtoni, gari imebadilika, siyo kama usiku lakini uzito ule umeisha. Nimenunua na kile kifaa cha kusomea kwenye simu. Kinaonyesha joto la hewa nyuzi 34 nikiwa napanda. Hiyo ndiyo ya baada ya intakula?

---

Nondo_Sakina

Safi sana mkuu. Hapana, kwenye SG5 sensa hiyo iko ndani ya MAF (kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini), pale baada ya filta na kabla ya tabo. Kwa hiyo 34 ni hewa inayoingia puani mwa injini, na kwa mchana wa leo ni nzuri, ina maana boksi lako la filta linavuta ya nje. Ili uone ya baada ya intakula inabidi ufunge sensa nyingine kwenye paipu inayotoka intakula kwenda throto (mlango wa hewa wa injini). Fundi wa umeme anaweza kuitoboa na kuifunga, lakini paipu itolewe kwanza kwenye gari ndipo itobolewe, vinginevyo chembe za plastiki zinaingia kwenye silinda.

Kwa sasa kwenye kifaa hicho tazama joto la maji. Ukipanda liandike lilivyo pale chini na pale juu. Likikaa chini ya 100 na likashuka lenyewe ukifika tambarare, uko sawa. Likipita 105, kabla hujafanya kitu kingine badilisha kifuniko cha rejeta, uje utuambie.